Kutembea vilimani na mbwa: mwongozo kwa wafugaji wa Mombasa

Ukipita Changamwe na Miritini ukaelekea Mazeras, nchi huanza kuinuka. Minazi ipo bado, lakini mchanga wa pwani umekwisha na mawe yameanza: kwanza yale mawe ya mchanga ambayo mafundi huyaita "mazeras" na kuyatandaza kwenye nyua za watu, kisha mbele zaidi, upande wa Kambe na Chasimba, miamba ya chokaa iliyoliwa na mvua ikabaki na meno. Katikati kuna vipande vya msitu, mabonde yenye vijito vya msimu, mashamba ya mihogo na mahindi, na vijia vya miguu vinavyotoka mji hadi mji, yaani boma hadi boma. Mbwa anayelinda ua Nyali au Tudor mwaka mzima hupata huko kitu asichokipata nyumbani: ardhi ya kunusa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Nitaeleza hapa jinsi ya kumpeleka na kumrudisha salama. Jambo la kwanza la kushika, na mengine yote yanatoka hapo, ni kwamba mbwa hajui kukataa. Atamfuata bwana wake juani mpaka miguu imkatike, na hatalalamika. Saa ya kuondoka, urefu wa njia, maji na uamuzi wa kugeuka ni juu yako peke yako. La pili ni kwamba vijia hivyo ni vya watu wanaoishi pale. Unavyopita na mbwa wako leo ndivyo atakavyopokelewa mwenye mbwa atakayekuja baada yako.

Kwanza, mwangalie mbwa mwenyewe

Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, miguu mirefu na mwili mkavu ndiye anayeifaa zaidi hali ya hewa yetu. German shepherd na wengine wa manyoya mazito wanaweza kutembea, ila kwa mwendo mfupi na alfajiri tu. Mbwa wa pua bapa, kama pug na bulldog, waache nyumbani. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema. Kwenye vitanga vya miguu hutoka jasho kidogo sana lisilotosha kitu. Aliyezaliwa na pua iliyobanwa hahemi vizuri, na unyevu wa hewa ya Pwani unamzidishia shida, kwa sababu hewa iliyojaa maji haikaushi ulimi. Ndiyo maana nyuzi 30 za Mombasa humchosha mbwa kuliko nyuzi 30 za mahali pakavu.

Mtoto wa mbwa asipelekwe safari ndefu kabla ya kutimiza mwaka, na wa mbegu kubwa asubiri hadi mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa mifupa na maungio yake hayajakomaa. Mbwa mzee, mwenye uzito uliozidi au mwenye mimba apewe matembezi ya jioni ya mtaani, yanamtosha.

Kama mbwa wako hajazoea, anza wiki nne kabla. Mtembeze nusu saa kwenye ardhi ngumu kila alfajiri, uongeze taratibu. Vitanga vya miguu hukomaa kwa kutembea. Aliyelala kwenye vigae mwaka mzima ana vitanga laini, na mawe ya Kambe yatavichana ndani ya saa moja. Wakati huohuo mfundishe amri tatu asizozisahau hata akiona mbuzi: njoo, kaa, wacha. Hiyo ya tatu ndiyo itakayomwokoa na nyoka, mifupa ya jalalani na kuku wa watu.

Daktari wa mifugo, mwezi mmoja kabla

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Hutolewa kuanzia miezi mitatu ya umri na kurudiwa kila mwaka, na kinga huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa, kwa hiyo kumchoma sindano siku moja kabla ya safari hakusaidii. Beba kadi yake. Mbwa wako akimwuma mtu kijijini, kadi ile ndiyo itakayompa daktari wa binadamu pa kuanzia. Hata hivyo jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa gharama yako. Fanya vivyo hivyo ukiumwa wewe na mbwa wa kijijini. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Mwambie daktari wazi kwamba mnakwenda msituni. Atakupa dawa ya kupe, ya kumeza au ya kudondosha mgongoni, ambayo inafaa kutumiwa siku kadhaa kabla ya safari. Muulize pia kuhusu minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu na ipo hapa Pwani, na kuhusu chanjo ya homa ya mkojo wa panya, kwa kuwa mbwa hunywa kila dimbwi analolikuta. Na muulize swali ambalo wengi huliacha: kama mbwa akiumwa na nyoka siku ya Jumapili, nani mjini ana dawa ya sumu ya nyoka na simu yake inapokelewa saa ngapi? Jibu hilo lipate kabla hujafunga begi.

Kuchagua njia

Mtu wa Mombasa akisikia vilima na msitu, moja kwa moja humjia Shimba Hills. Usiende huko na mbwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na katika hifadhi za wanyamapori mbwa wa kufugwa haruhusiwi. Sababu ni nzito: mbwa huwatawanya wanyama, palahala wa Shimba hawapatikani porini kwingine Kenya, na mbwa anayembwekea tembo kisha akakimbilia miguuni kwako amekuletea tembo. Jirani yake, Mwaluganje, ni njia ya tembo hao hao. Tena msitu ule una mbung'o. Wengi wetu twajua kwamba mbung'o huua ng'ombe, wachache wanajua kwamba humwua mbwa pia, tena upesi. Hupata homa, hukonda, na macho hufunga utando wa buluu-nyeupe. Ukitembea vijiji vya Kwale vinavyopakana na hifadhi, kisha mbwa akapata macho ya namna hiyo wiki chache baadaye, mkimbize kwa daktari na umtajie mbung'o kwa jina.

Kaya ni suala jingine. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, ina mizimu, makaburi na mahali pa sala. Ina wazee wake na masharti yake. Ukitaka kuingia kayani, nenda siku nyingine bila mbwa, kwa idhini ya wazee na mtu wao wa kukuongoza. Ukiwa na mbwa, pita mbali na ukingo wa msitu na umfunge kamba fupi. Kwa hili mimi sioni nafasi ya kubembeleza: mbwa akikojoa mahali ambapo watu huomba mvua, hakuna msamaha utakaolifuta.

Kinachobaki ni kikubwa na kizuri. Kwa safari ya mwanzo napendekeza vijia vya Rabai. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, unaingia kwa barabara ya Mazeras kwenda Kaloleni, na miinuko yake si mikali. Ndipo Krapf na Rebmann walipoweka kituo chao cha misheni mwaka 1846, na kutoka kwenye migongo ile, asubuhi isiyo na ukungu, unaiona bahari na mikono yake inavyoingia nchi kavu. Mwendo wa saa mbili, kwenda na kurudi, unatosha. Akishazoea, songa mbele hadi Ribe, kisha Kambe na Jibana, ambako mabonde ni ya kina zaidi na kivuli ni kingi. Miamba ya Chasimba iache iwe ya mwisho. Inakwaruza vibaya, ina mashimo ya kumvunja mbwa mguu, na kwenye nyufa zake huota ua dogo la zambarau, aina ya Saintpaulia ya ukanda wetu huu tu. Mbwa anayependa kufukua asifikishwe pale.

Popote uendapo, siku chache kabla fika peke yako au piga simu kwa mtu unayemjua kule. Onana na mzee wa mtaa, umweleze unataka kupita na mbwa, umwombe kijana anayezijua njia, na umlipe kijana huyo vizuri. Faida yake si kutopotea tu. Misituni huko kuna watu wanaowinda paa na sungura kwa mbwa, na mtu mgeni aliye na mbwa karibu na msitu hushukiwa kwanza, na askari wa misitu na hata wanakijiji. Ukiwa na kijana wa pale na mbwa yuko kambani, maswali huisha haraka.

Msimu na saa

Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jua la saa tatu asubuhi limeshakuwa kali. Ukilazimika kutembea miezi hiyo, fanya mwendo wa saa moja na nusu tu. Masika ya Aprili na Mei hutelezesha mawe kwa ukoga, na vijito vilivyokuwa vikavu hujaa kwa ghafla. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na hewa imepoa, na nyasi bado zina umande asubuhi.

Anza kutembea saa kumi na mbili na nusu, mara tu unapoona unapokanyaga. Panga uwe umerudi kwenye gari saa tatu, ikizidi sana saa tatu na nusu. Sipendekezi kutembea jioni huko: mawe yaliyokula jua mchana kutwa hubaki ya moto, na giza hukukuta msituni saa ambayo nyoka wengi hutoka. Ukiwa na shaka juu ya jiwe au lami, weka mgongo wa kiganja chako juu yake na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, vitanga vya mbwa havitavumilia pia.

Chakula kikuu apewe usiku wa kuamkia safari. Asubuhi mpe kidogo sana, saa mbili kabla ya kuanza, au usimpe kabisa. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akikimbia tumbo likiwa limejaa, tumbo laweza kujaa gesi na kujipindua, na hapo bila upasuaji wa haraka hufa.

Begi

Maji ndiyo mzigo. Mbwa wa kilo 20 akiwa amekaa tu huhitaji takriban lita moja kwa siku. Akitembea kilimani huhitaji zaidi ya hapo. Kwa safari ya saa tatu mimi hubeba lita mbili za kumnywesha na lita moja ya ziada isiyoguswa, ya kumwagia mwilini akizidiwa na joto. Hayo yangu mwenyewe sijayahesabu. Beba bakuli lake na usimnyweshe kwa chombo kingine chochote, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kamba iwe ya mita mbili, imara. Ile ya kujivuta na kurefuka yenyewe hunasa kwenye vichaka na humkata mtu vidole. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni pekee, kwa kuwa kuna mahali utamwinua kuvuka jiwe, na shingo si mahali pa kumwinulia. Jina lake na namba yako ya simu viandikwe juu ya mkanda kwa wino usiofutika.

Katika mfuko mdogo tia shashi, bendeji ya kujishika yenyewe, maji ya chumvi ya kuoshea vidonda na macho, kibano cha kupe na miiba, mkasi, glavu, soksi kuukuu mbili za kumvalisha mguu uliochanika, na kitambaa kirefu cha kumfunga mdomo. Mbwa mpole kabisa huuma akiwa na maumivu. Ongeza koleo la kukatia waya. Vichakani kuna mitego iliyosukwa kwa waya wa breki za baiskeli, iliyotegewa paa, na mbwa huingia shingo au mguu kabla hujaiona. Akinaswa usimvute, na usimwache avute. Mshike mwili, msogeze kuelekea upande wa mti ule waya ulikofungwa ili kitanzi kilegee, kisha kata. Shuka kuukuu la kumbebea litandazwe ndani ya gari tangu mwanzo. Leso nzito mbili zilizoshonwa pamoja hubeba mbwa wa kilo 25 bila kuchanika, watu wawili wakishika pembe.

Usafiri

Gari lako au la rafiki ndilo jibu. Makondakta wengi wa matatu hawatampakia mbwa, na abiria wana haki ya kutotaka kukaa naye. Tuktuk ya kukodi hukubali ukiafikiana na dereva mapema na ukatandika gunia sakafuni na kitini. Kwa wanaotaka vijiji vya Kwale, njia ya Dongo Kundu inakuepusha na msongamano wa watu pale feri Likoni, mahali ambapo mbwa mwoga huchanganyikiwa. Usimwache mbwa ndani ya gari lililofungwa hata kwa kununua mahamri. Joto la ndani hupanda kwa dakika chache.

Ukitoka nyumbani saa kumi na moja kasoro, utakuta watu njiani wakienda msikitini kuswali alfajiri, wameshatawadha na kanzu zao ni safi. Mpakie mbwa garini ndani ya ua wako, usimtembeze barabarani saa hiyo.

Kupita kwa watu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu safari nyingi huharibika hapa na si kwenye mawe.

Waislamu wa Pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa, pamoja na mwili wake ukiwa majimaji, ni najisi nzito. Nguo au chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mama akiruka pembeni na kukusanya buibui lake, hakutukani wewe wala mbwa wako. Anajiepusha na kazi hiyo yote kabla ya swala. Vilimani kwenyewe utakuta Waislamu, Wakristo na wanaoshika mila za wazee, mara nyingi nyumba moja, na kwa macho huwezi kumjua nani ni nani. Kanuni moja inawatosha wote: mbwa asimguse mtu yeyote ambaye hajaomba kumgusa.

Ukiona mtu anakuja kwenye kijia chembamba, toka wewe nje ya kijia, upande wa chini, mkalishe mbwa na ushike kamba fupi. Salimia kwanza, tena wewe uanze: "Shikamoo mzee. Mbwa nimemfunga, hana neno. Twaomba kupita." Akishaitikia "Marahaba, piteni," pita polepole. Kwa watoto fanya zaidi: wengine watakimbia, na mtoto akikimbia mbwa huona ni mchezo wa kufukuza. Waambie wasimame, usimame nawe, wamtazame kwa mbali mpaka wachoke.

Kisimani na kwenye mfereji wa kijiji mbwa asisogee. Mtu akikupa maji ya kunywa, kunywa wewe, na ya mbwa yamiminwe kutoka juu kwenye bakuli lake bila chombo cha mwenyeji kugusana nalo. Kinyesi chake kifukie mbali na njia na mbali na maji, au kitie kwenye mfuko urudi nacho, hasa karibu na mashamba.

Kuku, mbuzi na ndama humjaribu mbwa wa mjini kuliko kitu kingine. Kamba haifunguliwi penye mifugo, hata kama mbwa wako ni mtiifu kiasi gani. Akiua kuku, mtafute mwenyewe na ulipe bei anayoitaja. Hapo si mahali pa kupatana bei.

Mbwa wa miji ile hufugwa kulinda na kuwafukuza nyani mashambani, na watatoka wanne watano kwa kelele. Usikimbie. Simama, mweke wako nyuma yako, na piga kelele ya hodi: "Hodi wenyewe! Tuzuilieni mbwa!" Ukiinama tu kama unaokota jiwe, wengi wao hurudi nyuma, si lazima ulirushe. Kisha zunguka mji ule kwa mbali badala ya kukata katikati ya uwanja wao.

Kwenye mawe na msituni

Nenda mwendo wa mbwa. Kila dakika 20 simama kivulini, mpe maji kidogo kidogo, na umtazame miguu: katikati ya vidole ndiko hukaa mbigili na vijiwe. Kwenye kushuka ndiko huumia, kwa hiyo mpitishe mbele yako kwa kamba fupi na usimruhusu kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Jiwe refu kuliko bega lake mwinue au lizunguke.

Mbwa huingiza pua kwenye mashimo, na chini ya mawe ya joto ndiko piri hulala. Nyoka huyu hakimbii akisikia mguu. Hutegemea rangi yake kujificha na huuma anayemkaribia, kwa hiyo mbwa wengi huumwa puani au mguu wa mbele. Uvimbe huja upesi. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mvue mkanda unaombana, mbebe asitembee, mpigie daktari mkiwa njiani. Swila akimtemea machoni, mmwagie maji safi au ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15 bila kusugua, kisha mpeleke akaangaliwe kama jicho limechubuka. Ukimwona koboko au yeyote mwingine kwa mbali, rudi mlikotoka na umwache aondoke.

Upupu huota kwenye vichaka vya kando ya mashamba, na maganda yake yakikauka vinyweleo hupeperuka. Mbwa akianza kujikuna na kujiviringisha kama aliyeshikwa na wazimu, vaa glavu, mmwagie maji mengi, usimsugue, na jiepushe na kugusa uso wako. Siafu ni rahisi zaidi: ondoka mstarini haraka, kisha mtoe mmoja mmoja vidoleni na masikioni. Nyani wachukuliwe kwa uzito. Dume lina meno marefu kuliko ya mbwa na likizingirwa hupigana. Ukisikia mlio wao, fupisha kamba na ubadilishe njia.

Dalili za joto, na la kufanya

Kuhema ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni ulimi mrefu uliopanuka mwishoni, mate mazito yanayonata, ufizi mwekundu sana, macho yasiyokutazama, na mbwa anayetafuta kivuli mwenyewe na kukataa kuinuka. Hapo safari imekwisha, hata kama kilele kiko hatua 50 mbele. Ngoja apoe kabisa, kisha rudini.

Akiyumba, akitapika au akianguka, ni hatari ya kifo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mpeleke kivulini na uanze kumpoza hapohapo kabla ya kufikiria gari. Mmwagie maji tumboni, mapajani, kifuani na shingoni, yote uliyo nayo, na mpepee kwa kofia au kanga. Usimfunike kwa nguo yenye maji, maana inazuia joto kutoka. Akiweza kunywa mwenyewe anywe kidogo; asiyejitambua usimmiminie maji kinywani. Kisha garini, madirisha wazi, moja kwa moja kwa daktari, hata kama njiani ataonekana amepata nafuu. Figo na damu huweza kuharibika saa nyingi baadaye.

Mkisharudi

Kabla hajapanda gari, mkague kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima polepole. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya kupe kutapika ndani ya damu, basi viache. Nyumbani muoshe, mkaushe vizuri masikio, rudia ukaguzi kesho yake na kesho kutwa, na angalia kama kuna uvimbe mdogo wenye tundu katikati, dalili ya funza.

Akichechemea siku ya pili, mpumzishe. Dawa za maumivu za binadamu usimpe, kwani baadhi humwua. Magonjwa ya kupe huchukua wiki moja hadi nne kujitokeza, wakati ambao safari imeshasahaulika. Kwa hiyo andika tarehe na mahali mlipotembea nyuma ya kadi yake ya chanjo. Akikataa chakula ndani ya mwezi huo, akawa na homa, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai au damu ya pua, mpeleke apimwe damu siku hiyohiyo, na umwonyeshe daktari tarehe ile.